Bomba Lililokunywa Kahawa

Kila asubuhi, kabla jirani yeyote hajafungua mlango, Mzee Lindo alikuwa ameshawasha jiko. Hakuna aliyemtuma. Kazi hiyo alijipa mwenyewe tangu alipohamia kwa mwanawe.

Jina la Lindo alilipata kazini. Alilinda ghala la saruji usiku kwa miaka mingi, mpaka magoti yakagoma. Baadaye mkewe akafariki. Mwanawe, ambaye ni fundi rangi, akamfuata, akamwambia, "Baba, huwezi kukaa peke yako na kuta. Twende kwangu." Mzee akafunga nguo zake kwenye begi, akachukua na birika lake la kazini, akaenda.

Nyumba yenyewe ilikuwa ndogo. Mke wa mwanawe alikuwa fundi cherehani, na sebule ndiyo iliyokuwa karakana yake. Vitambaa vilikaa kwenye viti, wageni wakasimama. Mume akitoka na ndoo zake za rangi, mke hukaa kwenye cherehani, na Mzee Lindo hubaki akitazama ukuta. Akishika ufagio, mkwe anauchukua. "Baba, acha, nitafagia mimi." Akishika sahani aioshe, ananyang'anywa. Mzee akiheshimiwa kupita kiasi hugeuka pambo la nyumba, na pambo halina kazi. Waliyomwachia ni kahawa tu. Kwa hiyo aliishika kwa mikono miwili.

Aliipika hivi. Birika halikuoshwa kamwe, kwa sababu, alisema, likioshwa linasahau kazi. Machicha ya jana yalibaki ndani. Juu yake alimimina maji, akaongeza vijiko viwili vya unga wa kahawa, akaiacha ichemke. Unga wenyewe aliununua mfuko mkubwa wa bei rahisi, akauweka wazi kwenye rafu juu ya jiko. Kahawa ilichemka mpaka ikanguruma. Ilipokuwa nyeusi kama lami, na nyumba nzima inanuka kitu kilichoungua, mzee alisema imeiva.

"Kahawa isiyouma ulimi," alipenda kusema, "ni maji ya kunawia."

Alimimina vikombe viwili, machicha na yote. Kimoja cha mwanawe, kingine cha mkwe wake. Yeye mwenyewe alikunywa baadaye, na jioni akanywa tena.

"Asante, baba," mwanawe alisema. "Nitainywa nikivaa viatu."

"Asante, baba," mkwe alisema. "Kahawa yako haina mfano."

Hapo hakusema uongo.

Vikombe vilirudi vitupu. Kila siku vilirudi vitupu. Mzee Lindo alivipokea, akavisuuza haraka kabla hajanyang'anywa, akasikia moyoni kwamba yeye bado ni mtu. Bila mimi, alijiambia, watoto hawa wangefanya kazi wakisinzia.

Siku moja sinki la jikoni liliziba. Maji yalikaa humo, meusi, hayaendi wala hayarudi. Mkwe akaita fundi bomba.

Fundi alikuwa mtu wa mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Alipofika, mkwe alimwambia mzee, "Baba, hapa patachafuka. Kaa nje upate hewa." Lakini mzee alikuwa mlinzi, na mlinzi haondoki mlangoni wakati mgeni yuko ndani. Akasimama pale pale.

Fundi akaweka ndoo chini ya sinki, akafungua kona ya bomba. Tope jeusi likaanguka, fungu baada ya fungu. Akachukua kidogo kwa kidole, akanusa.

"Mimi nilidhani mafuta ya kupikia," akasema. "Kumbe ni kahawa. Kahawa tupu. Mama, hapa mnaendesha mkahawa?"

Mkwe akageukia rafu, akaanza kupanga vikombe.

"Maana hii si ya siku moja. Mtu anamwaga kikombe kizima humu, kila siku. Bomba limekunywa mpaka limevimbiwa." Akacheka peke yake. "Kama hamuipendi, si muache kuipika?"

Hakuna aliyecheka naye. Fundi akamtazama mkwe, akamtazama mzee, akainamia bomba lake kimya. Siku za mwizi ni arobaini. Lakini hawa walikuwa wameiba kwa adabu, na hilo ndilo lililouma.

Jioni mwanawe alirudi, rangi nyeupe bado iko kwenye nywele zake. Mzee alikuwa ameketi mezani. Ndoo ya tope ilikuwa mbele yake.

"Na wewe?" akauliza.

Mwanawe akaitazama ndoo. Alielewa mara moja.

"Na mimi, baba."

"Unamwaga wapi? Humu humu?"

"Humu. Siku nyingine kwenye mtaro, nikitoka."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokuja."

"Baba, tulikuwa tunakuheshimu," akasema mkwe. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ningekuambiaje? Mimi nimeolewa tu hapa. Nimwambie baba mkwe kwamba kahawa yake hainyweki? Watu wangesema sikulelewa."

"Kwa hiyo ukaniambia haina mfano."

"Ndiyo, baba."

"Na mimi nikaamka kila alfajiri, na magoti haya, kulipikia bomba."

Alikuwa na hasira. Chini ya hasira palikuwa na aibu, na aibu ndiyo iliyokuwa kubwa. Ndipo likamjia swali ambalo hakulitaka.

"Na mama yako?" akamwuliza mwanawe. "Nilikuwa nikirudi kazini asubuhi, namimina kikombe chake kwanza. Miaka yote. Alikuwa anainywa, au na yeye alikuwa anamwaga?"

Mwanawe akainamisha kichwa. Pengine alijua, pengine hakujua. Hakusema, na mzee hakurudia kuuliza. Aliyekwisha kufa haulizwi.

"Kesho nakwenda kwa dada yangu," akasema mwishowe. "Yeye hanywi kahawa. Hatakuwa na la kunidanganya."

Akaingia chumbani, akaanza kukunja nguo. Mwanawe alimfuata mpaka mlangoni, akasimama hapo, akarudi. Mkwe yeye alitoka kwa mlango wa nyuma, akaenda nyumba ya pili.

Nyumba ya pili aliishi mwanamke waliyemwita Mama Punje. Zamani alifanya kazi kiwandani, akionja kahawa kabla haijauzwa. Sasa alikaanga punje za kahawa nyumbani kwake na kuziuza sokoni. Maneno yake yalikuwa machache, na hayo machache hayakutiwa sukari.

Asubuhi alikuja na kikapu chake, akamkuta Mzee Lindo amevaa koti, begi liko miguuni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kuniaga?"

"Nimekuja kukuomba radhi, halafu nikuonyeshe kitu. Ukitaka kuondoka baadaye, begi nitakubebea mimi."

"Radhi ya nini? Wewe hunywi kahawa yangu."

"Nimekunywa. Ulinikaribisha mara moja, ulipohamia. Nikanywa nusu, nikakwambia daktari amenikataza."

"Kumbe hakukukataza?"

"Hajawahi."

Mzee akakaa. Aliona sasa kwamba mtaa ulikuwa na siri, na siri yenyewe ni yeye.

"Sisi tumekosa," akasema Mama Punje. "Lakini kahawa yako nayo ina makosa. Nianze na yapi?"

"Anza na ya kahawa. Ya watu nimeshayajua."

Mama Punje akachukua birika, akalifunua, akachungulia ndani. Mkwe alisimama karibu, mikono nyuma.

"Hili lilioshwa lini?"

"Birika la kahawa halioshwi. Linatunza ladha."

"Linatunza mafuta. Kahawa ina mafuta, mzee, na mafuta yakikaa yanaharibika. Kila siku unapika kahawa ya leo ndani ya uozo wa jana. Na machicha haya?"

"Bado yana nguvu. Kazini tulikuwa tunaongezea tu juu yake, mpaka kunakucha."

"Kahawa ikishapikwa mara moja, uzuri wake umetoka. Ukiyachemsha machicha tena, unachokamua ni uchungu mtupu. Kazini ulikuwa unatafuta ladha?"

Mzee akafikiri. Tangu jana hakuna aliyemwuliza swali lenye jibu.

"Nilikuwa natafuta asubuhi," akasema. "Ukilala lindoni, unafukuzwa. Kahawa ikikuuma, unakaa macho."

"Basi hukuwa unakunywa kahawa. Ulikuwa unakunywa fimbo."

Mkwe alitaka kucheka, akajizuia.

Walimwaga machicha kwenye ndoo ya taka. Wakaliosha birika kwa maji ya moto na sabuni. Maji ya kwanza yalitoka meusi. Ya pili yalitoka ya kahawia. Walisugua mpaka bati likaonekana, na mzee akashangaa kuona kwamba ndani lilikuwa jeupe. Kisha Mama Punje akateremsha ule mfuko kutoka kwenye rafu, akamwekea puani.

"Nusa. Unasikia nini?"

"Vumbi," mzee akakiri.

"Kahawa ikishasagwa, harufu yake inaanza kukimbia. Hewa inaiharibu. Joto linaiharibu. Mwanga na unyevu pia. Wewe umeiweka wazi, tena juu ya moto. Nunua kidogo, ya kutosha wiki moja au mbili. Itie kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, uifungie kabatini. Ukiweza, nunua punje zilizokaangwa karibuni, usage za siku hiyo tu."

Akatoa kwenye kikapu punje zake na mashine ndogo ya mkono ya kusagia. Mzee akaikamata mashine mwenyewe. Hakuna aliyemnyang'anya. Alizungusha mpini, na harufu ikapanda, na akasimamisha mkono. Hakuwahi kuinusa harufu ile jikoni kwake.

"Hii ni kahawa?"

"Hiyo ndiyo kahawa. Endelea, lakini usisage mpaka iwe laini kama unga wa uji. Ikiwa laini mno inatoa uchungu haraka, na inapita kwenye chujio. Iache kama mchanga mkavu."

Mkwe akaweka sufuria ya maji safi jikoni. Mama Punje akapima kahawa: kwa kila kikombe, vijiko viwili vya chakula vya kusawazisha, bila kufurika. Akaitia ndani ya birika. Maji yalipochemka, mzee akanyoosha mkono kuyamimina.

"Subiri," akasema Mama Punje. "Yatoe jikoni, yatulie kidogo. Muda wa mtu kufunga vifungo vya shati. Na usisahau: tunachemsha maji. Kahawa hatuichemshi."

"Miaka yote nimekuwa nikiichemsha."

"Najua. Nilikunywa nusu."

Safari hii mkwe alicheka kweli. Mzee hakucheka, lakini hakumkaripia.

"Sasa mimina maji kidogo tu, ilowe yote. Unaona inavimba? Ni dalili kwamba bado ni mpya. Malizia maji. Koroga mara moja, funika, uhesabu dakika nne. Zikipita, chuja yote itoke. Ukiiacha humo na machicha, unarudi kule kule kwenye uchungu."

"Na ikibaki, niipashe moto?"

"Usiipashe. Iliyochujwa itie kwenye chupa ya chai, inywewe asubuhi hiyo hiyo. Machicha yatupe kwenye taka, au yatie kidogo kidogo kwenye udongo wa mimea. Sinki lenu limeshashiba. Na jioni acha kabisa. Unalala saa ngapi?"

"Silali. Mimi ni mlinzi."

"Mlinzi amestaafu. Kahawa ya jioni ndiyo bado iko zamu."

Dakika zikatimia. Wakachuja. Mzee akapewa kikombe cha kwanza, akanywa bila sukari. Palikuwa na uchungu kidogo mwanzoni. Halafu ikaja ladha nyingine, kama ya karanga zilizokaangwa vizuri. Halafu utamu mdogo ukabaki nyuma ya ulimi. Akanywa tena, polepole. Macho yake yakajaa maji na hakuyaficha.

"Ni nzuri, baba?" mkwe akauliza kwa woga.

"Ni nzuri," akasema. "Na mke wangu amekufa bila kuionja."

Mama Punje akafunga kikapu chake, akaaga.

Siku hiyo mzee hakuondoka. Hakusema kwamba anabaki. Alisema tu kwamba amechelewa basi, na kwamba atakwenda mwisho wa mwezi. Nguo zake zilibaki kwenye begi. Kila asubuhi alifungua begi, akatoa shati, akalifunga tena. Mwanawe aliliona begi hilo kila alipopita mlangoni.

Kahawa iliendelea kutoka jikoni, na sasa ilikuwa kahawa. Mzee aliosha birika kila siku. Alisaga, alipima, alisubiri maji yatulie.

"Nzuri, baba," alisema mwanawe.

"Nzuri sana, baba," alisema mkwe.

Mzee hakuwaamini. Vikombe vilirudi vitupu, lakini hata zamani vilirudi vitupu. Aliinamia sinki akanusa. Alitoka nje akakagua mtaro. Hakuona tone la kahawa, na bado hakuamini. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yeye alikuwa ameumwa kikombe baada ya kikombe.

Alikwenda kwa Mama Punje kununua punje, akamweleza.

"Wanasema nzuri. Lakini hata ile ya lami walisema nzuri. Nitajuaje?"

"Kahawa nimekufundisha," akasema Mama Punje. "Hilo lingine mfundishane wenyewe."

Lakini jioni alipokutana na mkwe kwenye foleni ya dukani, alimwambia, "Mzee wenu amechoka kusifiwa. Mtafutieni mtu mmoja asiyemwogopa." Mkwe akarudi nyumbani akiwaza. Mtu huyo hakuwapo. Nyumbani walikuwa watatu tu.

Mwezi ulikuwa unakwisha. Asubuhi moja magoti ya mzee yaliamka vibaya. Alitia maji kwenye kahawa, akafunika, akakaa kidogo kuyasugua magoti. Maumivu yakamsahaulisha. Aliponyanyuka, kahawa ilikuwa imekaa na machicha yake muda mrefu sana. Alijua. Alifikiri kuimwaga, akachoka kabla hajaanza. Kama wanamwaga, watamwaga, alijiambia. Akachuja, akapeleka mezani.

Mwanawe akanywa. Uso wake ukajikunja kidogo, akaunyoosha haraka.

"Nzuri, baba."

Mkwe akanywa. Akaweka kikombe mezani. Mumewe akamgusa mguu chini ya meza, lakini yeye alikuwa ameshafungua mdomo.

"Baba, leo chungu."

"Unasemaje?"

"Leo kahawa ni chungu. Imekaa muda mrefu na machicha. Siwezi kuimaliza."

Hasira ikampanda Mzee Lindo, hasira ya mtu mzima aliyekosolewa na mkwe mbele ya mtoto wake. Akavuta kikombe cha mkwe, akanywa. Akakishusha.

"Kweli," akasema. "Ni chungu." Akamgeukia mwanawe. "Na wewe uliyesema nzuri?"

Mwanawe akatazama meza. "Chungu, baba."

Mzee akamtazama mkwe wake. Yeye hakuinamisha macho.

"Huniogopi tena?"

"Nakuogopa, baba. Lakini jana nilisema nzuri, na jana ilikuwa nzuri kweli. Nikisema nzuri na leo, ya jana nayo itakuwa uongo."

Mzee akakizungusha kikombe mezani.

"Na ya juzi?" akauliza.

"Ya juzi ilikuwa nzuri."

"Na ya Jumapili?"

Mkwe akasita. "Ya Jumapili ilikuwa nyepesi kidogo."

Ni kweli ilikuwa nyepesi. Siku hiyo punje zilikuwa zimepungua kwenye kopo, na hakumwambia mtu. Mzee akamkumbuka marehemu mkewe. Akatamani naye angemwambia mumewe hivyo hata siku moja tu, kwa sauti hiyo hiyo ya woga, wakati bado walikuwa na asubuhi nyingi mbele yao.

Akasimama, magoti yakalalamika. Akakusanya vikombe, akaimwaga kahawa yote kwenye ndoo kwa mkono wake mwenyewe, akaweka maji mengine jikoni.

"Kaeni," akasema. "Leo kazi zitachelewa. Hakuna anayetoka mpaka aonje hii na aseme."